Cheti Mkononi, Kijana Sokoni



Wapendwa katika Kristo, Injili ya wafanyakazi katika shamba la mizabibu (Mt 20:1-16) tunaisoma kila ifikapo Dominika ya 25 ya Mwaka A, na mara nyingi mahubiri huishia kwenye dinari moja aliyolipwa kila mtu. Juma hili tunapenda kusimama mahali pengine katika simulizi hiyo, yaani sokoni, walipokuwa watu wenye nguvu zao wamesimama mchana kutwa. Walipoulizwa kwa nini wanakaa bure, walijibu kwamba hawakupata mtu wa kuwapa kazi. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliliamini neno lao, akawapeleka shambani.

Tutazame pia saa zake. Alitoka alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Mara tano kwa siku moja alitoka yeye mwenyewe kutafuta watu. Hakukaa nyumbani kungoja barua za maombi.

Hapa Ngarambe, na Rufiji na Kibiti kwa jumla, wapo wazazi wanaouza ufuta na korosho ili mtoto asome useremala, uashi, ushonaji, uchomeleaji au umeme wa majumbani. Wengine huwapeleka katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wengine katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975. Kijana humaliza, hupewa cheti, hurudi nyumbani. Baada ya miezi michache anaonekana kijiweni, na majirani wanasema: huyu amesoma bure. Kauli hiyo si ya haki. Chuo humfundisha kijana kupiga randa. Hakimpi randa, wala nauli, wala fundi wa kumpokea. Kati ya cheti na kazi kuna mto, na wengi wanaachwa ng'ambo bila mtumbwi.

Udongo huu wa Ngarambe unaujua uzito wa neno kazi. Kinjekitile Ngwale alikuwa mtu wa hapa, na miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 ilikuwa kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ya Wajerumani. Kazi ya shuruti humfanya mtu kuwa chombo. Kukosa kazi nako humfanya kijana ajione si kitu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Basi anayemnyima kijana nafasi ya kufanya kazi anagusa hadhi yake, si mfuko wake tu.

Mtakatifu Yohane Bosko aliliona hilo kule Torino. Hakutosheka kuwakusanya vijana wasali na kucheza. Tarehe 8 Februari 1852 alitia sahihi mkataba wa kijana mmoja aliyekwenda kujifunza useremala, pamoja na fundi na baba wa kijana. Fundi alibanwa amfundishe ufundi kweli, asimpe kazi zisizohusu ufundi huo, na amwonye kwa maneno, si kwa kumpiga. Mdhamini alikuwa baba wa kijana, na Padre naye alishiriki katika mapatano hayo. Padre huyo alikwenda karakana kwa karakana kuwaombea vijana wake nafasi.

Wengine watasema ajira ni jukumu la serikali, na Kanisa lihubiri tu. Ni kweli serikali ina wajibu wake. Lakini tazameni Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika mto wetu wa Rufiji tangu mwaka 2019 hadi mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilipokamilika mwaka 2025. Mradi mkubwa huja, hujengwa, huisha. Asiye na ujuzi wala vyeti huambulia kazi ya koleo. Na koleo likirudishwa ghalani, naye hurudi nyumbani. Kumwandaa kijana kabla mradi haujafika ni kazi yetu sisi tunaomjua kwa jina.

Kwa hiyo tunasema wazi. Wewe fundi mwenye karakana, mpokee kijana mmoja kwa mafunzo ya vitendo, umlipe hata kidogo, na akimaliza umwandikie barua ya kweli juu ya uwezo na uaminifu wake. Barua ya uongo humharibia hata yule atakayemfuata. Ninyi wazazi, hakikisheni jina la mtoto linafanana katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa. Herufi moja tu yaweza kumfungia mtu mlango. Jumuiya Ndogo Ndogo, badala ya kuchangia sherehe ya mahafali peke yake, mchangieni mhitimu msumeno au cherehani. Tena tusibague: mtoto wa jirani Mwislamu naye amesimama sokoni humo humo.

Nanyi vijana, msingoje kuitwa mkiwa mmelala. Wale wa Injili walikuwapo sokoni hata saa kumi na moja. Wahini kazini, tunzeni vifaa vya watu, timizeni ahadi. Jiungeni katika vikundi. Halmashauri zimewekewa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Mkopo huo ni deni, si zawadi.

Katika shamba lile, waliofika saa kumi na moja walifanya kazi saa moja tu, lakini jioni walirudi kwao na chakula cha watoto. Kwa kijana wetu saa haijapita. Swali lililobaki ni nani kati yetu atakayetoka.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.