Hesabuni waliobaki nyumbani, si kodi zilizolipwa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS),
Dodoma.

YAH: TATHMINI YA MISAADA YA MAKAZI KWA WATU WANAOISHI NA VVU

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,



Mkakati wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI wa 2021/22 hadi 2025/26 unafika ukingoni, na Tume yako ndiyo mratibu wa kazi hii nchi nzima. Kabla ya kalamu kwenda kwenye mkakati unaofuata, naleta ombi moja. Msaada wowote wa makazi kwa watu wanaoishi na VVU (WAVIU), uwe wa Serikali, wa asasi au wa madhehebu ya dini, upimwe kwa kuuliza kama aliyesaidiwa ana mahali pa kulala na anaendelea na dawa mwaka mmoja baada ya msaada kuisha. Usipimwe kwa idadi ya kodi zilizolipwa.

Nasema hivyo kwa sababu taarifa za miradi ya namna hii zinafanana. Kaya kadhaa zimelipiwa pango la miezi mitatu, magodoro yamegawiwa, picha imepigwa mlangoni. Mwezi wa nne hauonekani popote.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, yaani watu wazima wapatao milioni moja na nusu. Kati ya waliokuwa wanajua hali zao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya hao, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Ni kazi kubwa iliyofanyika. Sasa tatizo linahamia kwa wanaoteleza baada ya kuanza vizuri, na mijini sababu mojawapo ya kuteleza ni pango.

Anayepanga chumba Dar es Salaam anaijua hesabu hii kichwani. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi, dalali naye anataka yake ya mwezi mmoja. Mama muuza vitumbua anatakiwa awe na shilingi 350,000 kwa mkupuo, hajanunua hata ndoo. Kliniki nako mambo huenda kwa miezi sita: mteja aliyetulia na ambaye virusi vyake vimefubaa hupewa dawa za nusu mwaka, asipoteze siku nzima kwenye foleni. Utaratibu ni mzuri. Ila kati ya siku moja ya dawa na nyingine kliniki haimwoni, na ndani ya muda huohuo kodi yake inaisha. Tarehe ya dawa imeandikwa kwenye kadi. Tarehe ya kodi anaijua yeye na mwenye nyumba tu.

Kazi yangu ya kujitolea ni kuwatafuta wateja walioacha kuja kliniki. Wakati mmoja nilipewa karatasi yenye jina la dada mmoja, mtaa wake, jina la balozi wa nyumba kumi na namba ya simu isiyopatikana. Nyumba niliikuta Mbagala: vyumba vimetazamana, bomba moja uani, choo kimoja nyuma. Wapangaji wenzake walisema amehama usiku. Kodi ilikwisha, na mwenye nyumba alishaleta mtu mwingine kuangalia chumba. Kwenye rejesta aliandikwa mtoro. Nilikuja kumpata Chanika kwa mdogo wake, wamelala watano chumba kimoja. Alinionyesha vidonge alivyobaki navyo. Alikuwa amevitoa kwenye kopo, akavifunga kwa karatasi laini ya chooni na kuvishindilia ndani ya soksi, kwa sababu kopo lilikuwa linalia kila begi likiguswa. Alikuwa anakunywa kimoja kila baada ya siku mbili ili visogee. Nauli ya kwenda na kurudi kliniki ya zamani ilimshinda, na alidhani hawezi kuandikishwa kliniki ya jirani mpaka arudi kuchukua barua kulekule alikokimbia deni.

Kwenye hesabu za dawa dada huyo ni mtoro. Kwenye hesabu za mradi uliowahi kumlipia miezi mitatu, ni mnufaika aliyehudumiwa. Taarifa zote mbili ziliandikwa na watu wakweli, na hakuna iliyosema kilichompata.

Ndugu Mkurugenzi, kupima vizuri si jambo geni kwetu. Mkoani Shinyanga, watu wazima 530 waliokuwa wameanza dawa karibuni waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, la pili likaongezewa shilingi 10,000 kwa mwezi, la tatu shilingi 22,500, kwa muda usiozidi miezi sita na kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado kwenye matibabu na virusi vyao vimefubaa walikuwa asilimia 73 katika kundi la kawaida, 83 katika kundi la shilingi 10,000 na 86 katika kundi la shilingi 22,500. Fikiria kama lingekuwepo kundi la tatu peke yake. Mradi ungejitangazia asilimia 86 yote, kumbe wengi wa hao wangebaki kwenye dawa hata bila senti. Na pasipo kundi la pili, nani angejua kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na shilingi 10,000?

TASAF, mfuko wa Serikali wa maendeleo ya jamii, nayo ilishapita njia hiyo. Ilipojaribu ruzuku kwa kaya maskini Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ilichukua vijiji 80. Arobaini vikaanza kupokea, arobaini vikatumika kulinganisha. Utaalamu upo ndani ya Serikali yetu wenyewe.

Kwa makazi hasa, waliotangulia kupima ni Wamarekani, na makosa yao yana faida kwetu kama yalivyo mafanikio yao. Nchi hiyo ina mpango wa shirikisho wa nyumba kwa wanaoishi na VVU, uitwao HOPWA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Anayepewa ruzuku ya pango huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, mpango humalizia. Kuupima, watafiti waliwafuatilia watu 630 wasio na makazi ya uhakika katika miji ya Baltimore, Chicago na Los Angeles. Nusu walipewa hati ya ruzuku papo hapo, nusu wakapata msaada wa kawaida wa kutafuta nyumba. Baada ya miezi 18, asilimia 82 ya kundi la kwanza walikuwa na makazi yao, dhidi ya asilimia 51 ya kundi la pili.

Nusu ya kundi la kulinganisha nao walipata nyumba kwa njia zao. Kwa hiyo tofauti ya afya kati ya makundi mawili ikafifia, na mpimaji mvivu angefunga daftari akisema nyumba haina uhusiano na virusi. Watafiti hawakuishia hapo. Walipotazama nani hasa alilala nje katika kipindi hicho na nani hakulala nje, waliolala nje walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na virusi vinavyoonekana kwenye damu na wa kukimbizwa hospitali kwa dharura. Chicago kwenyewe, jaribio jingine liliwachukua wagonjwa 105 wasio na makazi waliokuwa wamelazwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 55 ya waliopewa nyumba pamoja na msimamizi wa kuwafuatilia walikuwa hai na kinga yao iko imara, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 34. Ndiyo maana naomba mtu afuatwe anakohamia. Tathmini inayomwacha nyuma kila aliyehama inawahesabu waliotulia tu, na hao hawakuwa na shida kubwa tangu mwanzo.

Makosa mawili ya huko tuyakwepe mapema. La kwanza ni sharti la ugonjwa. Jiji la New York kwa miaka mingi liliwapa msaada wa nyumba wale tu waliokuwa wameanza kuonyesha dalili za UKIMWI au kuugua kiasi fulani. Mwaka 2016 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kila anayeishi na VVU mwenye kipato cha chini. Sharti la namna hiyo humwadhibu anayekunywa dawa vizuri. La pili ni fomula ya mgao. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, fedha za HOPWA ziligawanywa kwa idadi ya wagonjwa wote wa UKIMWI tangu janga lianze, pamoja na waliokwisha kufa. Fedha zikawa zinafuata makaburi. Sisi tunaweza kukosea kwa namna nyingine: kugawa fedha za pango kwa asilimia ya maambukizi peke yake. Njombe inaongoza kwa asilimia 12.7, lakini vijijini watu wengi hulala kwenye nyumba zao au za wazazi wao. Huko shida ya makazi huja kwa mlango tofauti.

Mlango huo ni mirathi. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 bado zinamnyima mjane haki sawa ya kurithi. Wajane wawili wa Kitanzania waliofukuzwa na ndugu wa waume zao kwenye nyumba walizojenga maisha na waume zao walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikawapa haki. Mjane anayeishi na VVU, ambaye ukoo unamsukumia lawama ya kifo cha mumewe, hasaidiwi na kodi ya miezi mitatu. Anahitaji msaidizi wa kisheria wa kumsindikiza mahakama ya mwanzo. Katika taarifa za miradi, mjane aliyebaki kwenye nyumba yake haonekani, kwa sababu hakuna risiti ya kodi. Ahesabiwe.

Najua swali litakaloulizwa mezani kwenu: pango linamuumiza kila Mtanzania wa mjini, kwa nini WAVIU wapendelewe? Sisemi kila anayeishi na VVU alipiwe nyumba. Wengi wanajilipia, na wengine ndio wenye nyumba wenyewe. Nasema kuna kundi dogo ambalo kuhama kunalikatiza dawa, na aliyekatiza dawa virusi vyake hurudi, akaweza tena kuambukiza. Kazi ya tathmini ni kulipata kundi hilo. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, tuliona jinsi kazi zinazotegemea fedha za watu zinavyoweza kuyumba kwa tangazo moja. Fedha ikipungua, anayejua shilingi ipi ilifanya kazi ndiye anayejua pa kukata.

Basi naomba mambo manne yaingie kwenye mkakati.

Kwanza, kadi ya kliniki tayari ina nafasi ya mtaa na balozi, lakini hujazwa siku ya kuandikishwa tu. Kila mteja anapokuja kuchukua dawa aulizwe, "Bado unakaa palepale? Kodi yako inaisha lini?" Majibu yaandikwe. Anayekaribia kuhama apewe uhamisho wa kliniki siku hiyohiyo.

Pili, mradi wowote wa makazi uwe na kundi la kulinganisha tangu siku ya kwanza. Fedha hazitatosha wote kwa mara moja, hivyo kura ipigwe kwa namba za kadi, wengine waanze mwaka huu, wengine mwaka unaofuata. Ni haki zaidi kuliko orodha inayopangwa na anayefahamiana na mratibu.

Tatu, siri ipimwe kama matokeo mengine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, lakini gari lenye nembo ya mradi likiegeshwa mbele ya nyumba ya kupanga, wapangaji wote wameshasomewa majibu. Fedha ya pango ipite kwa mpangaji mwenyewe kwa simu, isitoke kwa mradi kwenda kwa mwenye nyumba. Na kila mnufaika aulizwe kama msaada umemfanya ajulikane.

Nne, Konga, yaani mitandao ya WAVIU wilayani, zipewe matokeo na kuyajadili kabla hayajafika Dodoma. Wao ndio watakaosema kwa nini namba imeshuka Ilala na kupanda Kigamboni.

Na tathmini ikionyesha kwamba ruzuku ya pango haikuwabakiza watu kwenye dawa kuliko nauli au chakula, iandikwe hivyo na fedha zihamishwe. Sitalalamika. Ninachopinga ni kuendelea kulipa, au kuacha kulipa, bila kujua.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji na mfuatiliaji wa kujitolea,
Dar es Salaam.