Nguzo za Saint-Guilhem ziko New York, na hilo halitufungi mdomo

Kila ukizuka mjadala wa vitu vya Afrika vilivyoko kwenye makumbusho ya Ulaya, hapo vimbwetani hakosekani mtu wa kusema: "Jamani, mbona hata Wazungu wenyewe wamepoteza vitu vyao na hawalii? Mambo ya zamani yaacheni zamani." Hoja hii inasikika kama ina akili, na wengi wakiisikia wananyamaza. Mimi nadhani inastahili kujibiwa kwa mfano wa huko huko kwao.

Saint-Guilhem-le-Désert ni kijiji cha kusini mwa Ufaransa, katika wilaya ya Hérault, si mbali sana na jiji la Montpellier. Wakazi wake ni kama 250 tu, yaani darasa moja la mwaka wa kwanza hapa chuoni linawazidi. Nyumba ni za mawe, zimebanana kwenye bonde jembamba lenye majabali pande zote. Kilichokipa jina ni abasia iliyoanzishwa mwaka 804 na Guilhem, mpiganaji mkubwa na ndugu wa mfalme Charlemagne, ambaye aliacha vita akaenda kuishi na wamonaki. Inasimuliwa kwamba mfalme alimpa kipande cha Msalaba wa Yesu. Kwa hicho kipande, na kwa kaburi la Guilhem mwenyewe, mahujaji waliokuwa njiani kwenda Santiago de Compostela, Hispania, walipita hapo kwa mamia ya miaka.

Sadaka za mahujaji zilijenga. Kanisa lililosimama leo ni la karne ya 11. Pembeni yake wamonaki walikuwa na ua uliozungukwa na kumbi za nguzo, na kuelekea mwaka 1200 wakauongezea ghorofa ya juu. Nguzo za ghorofa hiyo zilichongwa majani na maua kwa ufundi ambao mpaka leo wasomi wa sanaa wanauandikia vitabu.

Halafu yakaja Mapinduzi. Novemba 1789 Bunge la Ufaransa lilitaifisha mali za Kanisa, na baadaye majengo yakauzwa. Kanisa la Saint-Guilhem lilinusurika kwa kuwa lilifanywa kanisa la parokia, lakini majengo mengine ya abasia yaliangukia mikononi mwa watu binafsi. Ua ule ukageuka machimbo ya mawe. Aliyetaka jiwe la kujengea alijichukulia. Nguzo kadhaa ziliishia kwenye bustani ya hakimu mmoja wa mji jirani wa Aniane, zikawa za kupambia na kutambazia mizabibu.

Hapo ndipo anapoingia Mmarekani George Grey Barnard, mchonga sanamu aliyekuwa akiishi Ufaransa. Pesa zilimwishia katikati ya kazi kubwa aliyopewa kwao, akaanza biashara ya mawe ya kale. Alizunguka vijijini akinunua nguzo na sanamu za Zama za Kati mashambani, bustanini, popote. Za Saint-Guilhem, vipande zaidi ya mia moja, alizisafirisha New York. Mwaka 1925 tajiri John D. Rockefeller Mdogo alitoa fedha, Makumbusho ya Metropolitan wakaununua mkusanyiko wake, na mwaka 1938 likafunguliwa jengo maalumu la The Cloisters. Ziko huko mpaka leo, ndani ya ukumbi wenye paa la kioo, maili elfu kadhaa kutoka kwenye lile bonde.

Kwa hiyo ni kweli kwamba Wazungu nao wamepoteza. Lakini tuangalie wamepotezaje. Nguzo za Saint-Guilhem ziliuzwa na Wafaransa, chini ya sheria za Ufaransa, na muuzaji alipokea pesa yake. Tuweke hilo pembeni ya hazina za ufalme wa Abomey, kwenye nchi ya leo ya Benin. Mwaka 1892 jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Dodds liliingia Abomey, likaondoka na viti vya enzi, sanamu na milango ya ikulu. Hapo hakukuwa na muuzaji. Hakuna aliyepokea hata senti. Sasa anayesema "wote tumepoteza" anamweka mtu aliyeuza shamba lake kwenye kapu moja na mtu aliyeporwa kwa mtutu wa bunduki.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Wafaransa hawakukaa kimya. Tangu miaka ya 1830 serikali yao ilikuwa na mkaguzi wa majengo ya kihistoria, na mwandishi Prosper Mérimée alishika kazi hiyo kuanzia 1834. Mwaka 1887 walipitisha sheria ya kulinda majengo hayo. Barnard alipotaka kuhamisha pia nguzo za abasia nyingine, Saint-Michel-de-Cuxa, watu walipiga kelele, naye akalazimika kuziacha baadhi. Tarehe 31 Desemba 1913 ikapita sheria kali zaidi ya urithi. Hesabu miaka: askari wanabeba milango ya ikulu ya Abomey mwaka 1892, nchi yao imeshakuwa na sheria ya urithi kwa miaka mitano. Hawawezi kusema hawakujua kwamba mali ya kale ina mwenyewe. Walijua, ila waliona inawahusu wao tu.

Na ilipofika zamu yetu kudai, jibu likawa kwamba vitu vilivyomo kwenye makumbusho ya umma ya Ufaransa ni mali ya taifa, haviuzwi wala haviondolewi. Benin ilipata vitu 26 mwaka 2021, tena baada ya Bunge la Ufaransa kutunga sheria maalumu mwishoni mwa 2020. Serikali iliyowahi kupiga mnada abasia zake ndiyo leo inatufundisha kwamba mali ya taifa haitoki!

Najua mtu atauliza: je, Barnard hakuziokoa nguzo zile? Kwa sehemu, ndiyo. Zingebaki kwenye mizabibu, huenda nyingine tusingeziona leo. Nakubali, na hapo kuna somo letu pia, maana adui wa kwanza wa Saint-Guilhem hakuwa Mmarekani mwenye pesa, alikuwa jirani aliyeona jiwe la kujengea tu. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini kuokoa hakumpi mtu umiliki wa milele kwa kitu kilichoporwa. Ukiiokota simu ya mwenzako maktaba isije ikaibiwa, umemfanyia wema, ila simu bado ni yake.

Saint-Guilhem yenyewe haijafa. Tangu 1998 kanisa lake limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO kama sehemu ya njia za mahujaji, na sehemu kubwa ya riziki ya kijiji inatoka kwa wageni wanaokuja kuona mabaki. Watu 250 wanakula kutokana na kile ambacho babu zao hawakumaliza kukibomoa. Je, wangeingiza kiasi gani kama ua ungekuwa mzima?

Kwa hiyo mwenzako akikwambia tena "hata wao wamepoteza", mwambie ni kweli, halafu muulize maswali mawili: nani aliuza, na nani alilipwa? Kwa Saint-Guilhem majibu yapo. Kwa Abomey hayapo, na ndiyo maana madai yanaendelea.