CHUMA HUCHOKA, FUNDI HULAUMIWA

Ndugu wafanya kazi,

Ekseli ikivunjika njiani, swali la kwanza la wakubwa ni hili: "Nani alikuwa zamu?" Sisi twauliza lingine: Ufa ule ulianza lini, na nani alipanga siku ya kuutafuta?

Chuma cha reli hakichoki kwa siku moja. Mwaka 1842 gari la moshi lilianguka karibu na Versailles, Ufaransa, kwa kuwa ekseli ilikatika, na watu wengi wakafa. Baadaye August Wöhler, injinia wa reli huko Prussia, alizijaribu ekseli kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba mzigo ambao chuma huuchukua bila shida mara moja, ukirudiwa mara nyingi sana waweza kukivunja. Mwaka 1921 A. A. Griffith wa Uingereza akaonyesha kwa hesabu kwamba ufa ukirefuka, nguvu ndogo zaidi yatosha kuvunja kitu kizima.

Tangu hapo injinia mwenye busara haulizi tu, "Chuma hiki kina nguvu gani?" Huuliza pia, "Kikiwa na ufa, utakua upesi gani, na tukikague baada ya safari ngapi?" Basi ukaguzi ni sehemu ya behewa, kama gurudumu na breki. Anayepunguza saa za ukaguzi ni sawa na anayechonga ekseli iwe nyembamba.

Wako wasemao ukaguzi una gharama. Watazame Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000. Reli yenye nyufa ilivunjika vipande vipande chini ya treni, watu 4 wakafa. Nyufa zile zilikwisha julikana, lakini reli haikubadilishwa kwa wakati. Elimu ilikuwapo, kutenda ndiko kulikokosekana.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ekseli hauzibwi kwa udongo wala kwa rangi. Hutafutwa, hupimwa, na ukizidi kipimo ekseli hutolewa.

Kwa hiyo twadai: saa za kutosha za ukaguzi, mashine za kupima chuma kwa sauti, si nyundo na sikio tu, na daftari ambalo fundi akiandika "Behewa hili lisitoke", hakuna mkubwa wa kulifuta neno lake.

Ndugu, ukiona ufa, andika, weka tarehe, na nakala uilete chamani. Siku watakapouliza nani alikuwa zamu, tutawajibu kwa maandishi.