Maktaba ya Chuo Kikuu ni Amana ya Umma

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Tangu siku hiyo wananchi wa Unguja na Pemba wamebeba mawe, wamechimba misingi na kusimamisha kuta za skuli kwa nguvu zao wenyewe, kwani walikwisha kufahamu kwamba elimu iliyotolewa bure haina budi kulindwa na wale waliopewa. Katika shina hilo ndipo kilipochipua Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kusomesha mwaka 2001. Hivi leo chuo hicho kinasomesha Tunguu, Vuga, Beit el Ras na Mchangamdogo kule Pemba.

Chuo kikuu hakiwi chuo bila ya maktaba, na maktaba hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Mkulima wa Dunga au mvuvi wa Kizimkazi apitapo Tunguu ndani ya daladala, huyatazama majengo yale akasema moyoni mwake kwamba hayo ni ya wasomi. Mwanafunzi naye aghalabu huiona maktaba kuwa ni mahala pa kujikinga na joto na kungojea mitihani. Fikra zote mbili zina kasoro, na kasoro hiyo inatugharimu.

Lugha yetu yenyewe inatukumbusha. Katika Kiswahili cha wazee wetu neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na mwenye elimu ya vitabu akaitwa mwanachuoni. Chuo ndipo pia mtoto alipopelekwa kufundishwa Kurani. Vitabu vilivyowekwa wakfu misikitini havikuwa vya mtu mmoja. Mwenye kiu ya elimu alivisoma, na jamaa wa mtaa wakavitunza. Kwa hiyo maktaba ya umma si jambo geni kwetu. Kilichobadilika ni ukubwa wa jengo.

Sasa tuitazame hatari iliyopo. Katika nyumba nyingi za visiwa hivi, Mkunazini hadi Micheweni, yamo masanduku yenye karatasi za kale: tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati za mashamba, barua za safari, daftari za dawa za miti shamba. Unyevu na mchwa havina subira. Mzee akifariki, warithi hugawana mikarafuu kwa uangalifu mkubwa, na karatasi zile zikatiwa moto pamoja na takataka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunapoteza daftari lenyewe.

Sehemu kubwa ya hati za kale za pwani yetu imehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, ikiwamo mikusanyo ya William Taylor na William Hichens. Hatuwalaumu waliozihifadhi, na nakala za baadhi yake zinaonekana katika intaneti. Hata hivyo, ni jambo la kutahayarisha mjukuu kufuata ng'ambo maneno ya babu yake, ilhali mengine yanaozea uvunguni mwa kitanda chake.

Dawa ya maradhi haya inajulikana. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alishughulika kukusanya hati na kanda za sauti za tenzi kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kazi ile isingewezekana lau watu wa pwani wasingefungua masanduku yao. Huko Lamu, katika miaka ya 2010, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Taifa ya Uingereza, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Funzo lake ni kwamba mwenye kitabu hapokonywi kitabu chake. Anachotoa ni nakala, na jina lake likaandikwa juu yake kwa heshima.

Basi kila mmoja ana sehemu yake ya kazi.

Kwanza, wanafunzi. Kila mwanafunzi ametoka katika shehia fulani. Arudipo likizo, apewe na maktaba kazi ya kuorodhesha, kwa idhini ya wenyewe, maandiko yaliyomo katika shehia yake, na kunasa masimulizi ya wazee, mafundi wa vyombo na wakunga. Akiwa chuoni, asaidie kupanga vitabu, awaonyeshe wageni njia ya kutafuta wanachokitaka, na awasomee wenzake wasioona. Kamati inayochagua vitabu vipya iwe na wanafunzi ndani yake. Na wale wanaochana kurasa, au kuficha kitabu katika rafu isiyo yake mtihani unapokaribia, waelewe kwamba wanamwibia mwenzao aliye nyuma yao.

Pili, wananchi. Akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wamejibu maswali ya watafiti wengi juu ya mwani unaokufa kwa joto la maji. Majibu yao yamegeuka kuwa tasnifu na ripoti, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyetoa habari hizo haioni hata kurasa moja. Yapasa kila utafiti unaohusu maisha ya watu wetu uwekewe muhtasari wa Kiswahili fasaha, na muhtasari huo usomwe hadharani pale ulikofanyiwa utafiti. Walimu wa skuli na wananchi wengine watengewe siku katika wiki ya kuingia kusoma. Mwananchi akiona kwamba maktaba inamrudishia alichokitoa, hatasita kulifungua sanduku lake.

Tatu, viongozi na maofisa wa Serikali. Ripoti inayotayarishwa kwa fedha za umma isiishie katika kabati la mkurugenzi; nakala yake ipelekwe maktaba, Unguja na Pemba pia. Bajeti ya maktaba isiwe ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua, kwani mashine ya kunakili hati na chumba kisicho na unyevu si anasa.

Watakuwapo watakaosema kwamba mlango ukifunguliwa, vitabu vitaibiwa na wanafunzi watakosa nafasi. Hofu hiyo ina msingi, nayo ina ufumbuzi: mgeni asome humo humo bila kuazima, aje na barua ya sheha wake, na siku yake isigongane na wakati wa mitihani.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa tarehe 27 Novemba 2018, ilijengwa kwa msaada wa China, nayo ina uwezo wa kuchukua wasomaji 2,100 na vitabu 800,000. Ni neema inayostahili shukrani. Lakini rafiki, hata awe mkarimu vipi, anaweza kutupa jengo, rafu na kompyuta. Hawezi kutupa karatasi za babu zetu. Hizo tunazo sisi, na kila mvua za masika zinapopita zinapungua.

Tunapendekeza kazi ianze likizo ijayo, kwa shehia moja Unguja na moja Pemba. Sheha aitishe mkutano, chuo kilete wanafunzi wake, na wazee waje na masanduku yao.