Enkaji Isibomolewe, Itengenezwe Ndani

Ukiteremka kutoka milima ya Ngong kuelekea Ewuaso Kedong na Suswa, utaona maboma mengi ambamo nyumba ya mabati imejengwa kando ya enkaji, ile nyumba ya Kimaasai ya fito na samadi. Wengi wetu huamini ya mabati ndiyo maendeleo, na ile nyingine ni ya kubomolewa pesa zikipatikana. Lakini je, mama ambaye pesa hizo hazijapatikana aendelee kukohoa akingoja? Leo tuzungumzie njia ya kuitengeneza enkaji kwa ndani.

Tuanze na asili yake. Enkaji ni kazi ya mama. Yeye ndiye hukata fito, akazisuka na kuzikandika kwa udongo na samadi. Ilikuwa nyumba ya watu wanaohama na mifugo yao, kwa hivyo paa bapa, kimo cha kuinama na tundu dogo la mwanga havikuwa na lawama. Lakini mambo yamebadilika. Ranchi za jamii zilizoandikishwa chini ya sheria ya 1968 zimegawanywa katika sehemu nyingi za Kajiado, kila familia ikapata kipande chake, na watoto wakaingia shule. Nyumba iliyokusudiwa kuhamwa sasa inakaliwa mwaka nenda mwaka rudi.

Adui mkubwa humo ndani ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupika kwa kuni na nishati nyingine chafu, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wanaoumia zaidi ni wale wakaao karibu na meko, yaani mama na mtoto aliye mgongoni.

Jambo hili lilikwisha kufanyiwa kazi papa hapa Kajiado. Katika miaka ya tisini, shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, lilishirikiana na akina mama wa Kimaasai kutafuta namna ya kuboresha nyumba zao. Hawakuletewa ramani ya nyumba ya kizungu. Walianza na enkaji yenyewe, wakaimarisha paa, wakapanua madirisha, na wakaweka kofia ya bati juu ya meko ili moshi upande nje kwa bomba.

Ikiwa unataka kuanza, fuata utaratibu. La kwanza ni paa, kwa kuwa hakuna maana ya kupamba ndani ilhali mvua inakuamsha usiku ukapake samadi. Kagua nguzo, na iliyoliwa na mchwa ing'olewe. Kisha tandika karatasi ya nailoni, juu yake waya wa kuku, halafu upake simiti iliyochanganywa na mchanga, tabaka jembamba. Imwagilie maji kwa muda wa juma moja ili isipasuke. Kumbuka simiti ni nzito, kwa hivyo usiiweke juu ya nguzo dhaifu. Paa la namna hii lina faida nyingine. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita tano kwa tatu, mvua ya milimita 20 ikinyesha, hupokea lita 300. Hata nyingine zikipotea, umeokoa punda safari.

La pili ni moshi. Sogeza meko ukutani, weka kofia ya bati juu yake, na bomba lipite juu ya paa. Bomba lisiguse fito, maana moto hauna rafiki. Toboa dirisha la kutosha upande usiopigwa na upepo. Utaambiwa kwamba moshi hufukuza mbu. Ni kweli, lakini neti nayo huzuia mbu, wala haimkohoshi mtoto. Tena, jiko la makaa lisilale ndani usiku na milango imefungwa. Hewa yake huua bila harufu.

La tatu ni nafasi. Hapa hata walio mbali wana la kutufunza. Mwaka wa 1968, huko Winnipeg, Kanada, kulianza kutengenezwa vijumba vya faiba vya kukokotwa na gari, viitwavyo Boler, vyenye urefu wa futi 13. Ndani yake meza hugeuka kitanda, na chini ya viti huwekwa vyombo. Wenye kuvikarabati leo nao hutafuta kwanza mahali panapovuja kabla ya kugusa rangi. Nawe mwambie seremala akuinulie kitanda, sanduku la nguo na vitabu vya watoto vikae chini. Tundika rafu ukutani. Ndama watengewe kibanda chao nje, kwa maana nzi wanaowafuata ndama hutua pia machoni mwa watoto.

Sasa neno kwa akina baba. Enkaji ni ya mama kwa sababu aliijenga kwa mikono yake. Simiti na bati zinapoingia, fundi huitwa, pesa hutolewa na mwanamume, na mara mama hujikuta mgeni katika nyumba asiyoulizwa hata mlango utazame wapi. Hiyo ni hasara kubwa kuliko paa kuvuja. Baba, toa mbuzi auzwe, waya na simiti vinunuliwe, lakini mwache mama aseme meko yakae wapi na dirisha liwe kubwa kiasi gani. Yeye ndiye akaaye na moshi huo kutwa. Nanyi akina mama, changeni katika kikundi chenu, mtengeneze nyumba moja baada ya nyingine. Mikono iliyojua kukandika samadi haitashindwa kukandika simiti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua haijaanza, msomaji. Panda juu ya paa leo ukalitazame.