Moli Si Jini

Wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu, mbona tukisikia neno "moli" twatetemeka kana kwamba tumeona jini? Kwa maoni yangu, tunakariri kanuni kabla ya kujua tunahesabu nini.

Muuza misumari hahesabu mmoja mmoja, ati akeshe dukani! Hupima kilo. Ukijua uzito wa msumari mmoja, gawanya tu, idadi utaipata. Basi chembe nazo ni vivyo hivyo. Gramu 18 za maji ni moli moja, na humo mna molekuli 6.022 × 10²³. (Avogadro mwenyewe, ambaye nambari hii ina jina lake, alifariki mwaka wa 1856 bila kuijua.) Moli moja ya chumvi ya mezani ina gramu 58.5, lakini jozi za sodiamu na klorini humo ni idadi ile ile. Dazeni ya mayai na dazeni ya matikiti, je, zina uzito mmoja?

Ukipewa gramu 36 za maji, jiulize: mna 18 ngapi humo? Mbili. Zidisha, umemaliza.

Ninaowahurumia ni wale ambao tayari wameuaga udaktari kwa sababu ya mada hii moja. Walimu wetu, kabla ya kuchora ile pembetatu ya kanuni ubaoni, tafadhali tuleteeni misumari na mizani.