Si kila mtu wa Koboko ni wa Amin

Ndugu mwandishi, makala ni nzuri, lakini uliposema watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, "wamezaliwa askari" nimeumia. Waingereza walipoichukua sehemu hii kutoka Sudan mwaka 1914, waliifanya ghala la vibarua na wanajeshi. Vijana walikwenda kukata miwa kusini au kujiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi. Huo ulikuwa mpango wa serikali, si tabia ya damu.

Rais Idi Amin, mwenye asili ya Koboko huku kwetu, alipoangushwa mwaka 1979, sote tukahesabiwa kuwa watu wake. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Waliobaki nao hawakusalimika: Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Wakulima, akina mama, watoto!

Hadi leo kijana akisema Kampala kwamba kwao ni Koboko, ataulizwa habari za Amin kabla ya kuulizwa za nyumbani. Lakini sisi si Amin tu: njoo sokoni Arua usikilize. Muuza samaki anapatana bei kwa Kilugbara, anamgeukia mteja kutoka Kongo kwa Kilingala au Kiswahili, kisha anamwita jirani yake kwa Kinubi. Mkakwa wa Koboko ana wajomba Yei, Sudan Kusini, na mashangazi upande wa Kongo. Naomba ile sentensi irekebishwe, maana watoto wetu wanaisoma.